Unga Kwenye Asali

Wa kwanza kulaumiwa walikuwa nyuki.

Ilikuwa rahisi kuwalaumu. Tangu Filipo alipoleta masega kutoka porini na kurudi tena kambini kwa warina asali wenzake, nyuki walikuwa wamejaa uani kwa mama yake. Walitua kwenye ndoo, kwenye chujio, kwenye kanga zilizoanikwa, na kila aliyekatiza hapo alipita akijipepea kichwa. Kwa hiyo Aneth, mke wa Filipo, alipoanza kujikuna shingo huku akikamua masega, kisha mikono, kisha tumbo, hakuna aliyejisumbua kuuliza mara mbili. Katika vitongoji vya Rungwa, mtu anayevimba wakati wa msimu wa asali ameumwa na nyuki, basi. Hata Aneth mwenyewe alisema hivyo.

"Wameniingia ndani ya nguo, mama," alimwambia mkwewe, akikung'uta gauni. "Ila siwaoni."

"Watakuwa wameshatoka," alijibu Elizabeti. "Jikaze, mwanangu. Mke wa mrina asali akilia kwa sababu ya nyuki, nyumba nzima itachekwa."

Alisema kwa utani na Aneth alicheka, ingawa mkono wake haukuacha kukuna. Mabaka mekundu yalikuwa yametokeza kwenye mikono yake, mapana, yaliyoinuka kama chapati ndogo. Elizabeti aliyatazama, akachota maji ya baridi, akammwagia mikononi. Jioni mabaka yalipungua. Nyuki wakabaki na lawama yao.

Tusimfanye Elizabeti mbaya kuliko alivyokuwa. Hakumchukia mkaza mwanawe. Alimpikia uji, alimpunguzia kazi tangu shoka lilipomparuza ugokoni wakati wa kupasua kuni, na kidonda kile alikihudumia kwa mikono yake mwenyewe asubuhi kwa asubuhi. Kosa lake lilikuwa kwamba alijua dawa moja na nusu, na ile nusu hakumwambia mtu.

Dawa moja ilikuwa asali. Kwa ukoo wa Filipo, kidonda hakipakwi kitu kingine. Babu yake Filipo alirarua paja kwa kuanguka kutoka juu ya mti wa mzinga, akapakwa asali, akapona, na habari hiyo ilisimuliwa mpaka ikawa sheria ya nyumba. Aneth, aliyeolewa kutoka Misigiri mwaka uliopita, aliipokea sheria hiyo kwa furaha zaidi kuliko walivyotarajia. Alikuwa na sababu yake. Alipokuwa binti mdogo alichomwa sindano ya PPF kwa ajili ya jipu, na kabla mama yake hajamtoa nje ya mlango wa zahanati alikuwa amevimba uso, amekosa pumzi, ameanguka. Mganga wa pale alimwambia mama yake neno moja: huyu mtoto asipewe penisilini tena maisha yake yote. Aneth alikua na neno hilo. Alilisema kwa Filipo walipochumbiana, akalisema kwa Elizabeti siku za mwanzo za ndoa, wakiwa wanachambua mchicha.

Elizabeti alisikiliza, akasema pole, na moyoni akaona ni maringo ya binti anayeogopa sindano. Wangapi hawaogopi sindano?

Lakini safari hii asali ilichelewa. Kidonda kilianza kutoa harufu. Ngozi iliyokizunguka iling'aa, ikawa ya moto, na Aneth akaanza kuchechemea. Elizabeti aliogopa. Mwanawe alimwachia mke mzima. Angemrudishia mke wa mguu mmoja? Ndipo alipokumbuka vidonge vya rangi mbili alivyopewa wakati jino lilipomvimbisha shavu. Alivimeza mpaka maumivu yalipoisha, vilivyobaki akavifunga kwenye nailoni na kuvichomeka kwenye paa la jiko. Kufungua kidonge na kumwaga unga wake kwenye kidonda hakukuwa jambo alilolibuni yeye. Wakulima wa tumbaku hufanya hivyo, mafundi baiskeli hufanya hivyo, watu hupona au hudhani wamepona kwa sababu hiyo. Cha kwake kilikuwa kuukoroga unga ndani ya asali, ili usipeperuke, na ili Aneth asiuone.

Maana Aneth angeuliza. Angesema, mama, ni dawa gani, tukaulize kwanza. Elizabeti hakutaka kuulizwa jikoni kwake. Alijiambia kwamba hii si sindano, wala si kitu cha kumeza. Ni unga tu, na unakaa juu ya kidonda.

Editha, jirani yao, alimkuta nyuma ya jiko akikoroga, asubuhi ya siku ile ile nyuki walipolaumiwa. Alikuwa amekuja kuazima chujio.

"Mbona asali imekuwa nyeupe?"

"Imeganda," alisema Elizabeti, na akaifunika kwa kiganja.

*

Asubuhi iliyofuata kidonda hakikuwa kimepata nafuu. Elizabeti alipofungua kitambaa aliona mabaka mapya yamezunguka goti, akafikiri ni sumu ya kidonda inapanda. Mtu mwenye hofu huongeza dawa. Alifungua vidonge vyote vilivyobaki, akakoroga, akapaka kwa unene, akafunga kitambaa kwa nguvu.

"Leo inawasha sana, mama," alisema Aneth.

"Ikiwasha ujue inafanya kazi."

Aneth alikaa kwenye kigoda, akavuta ndoo ya masega. Hakufika mbali. Alianza kwa kukohoa kikohozi kikavu kama mtu aliyepaliwa na ugali. Kisha akashika koo. Elizabeti, aliyekuwa akifagia, aliinua uso na kumwona mtu asiyemjua: midomo imefura, kope zimekutana, masikio yamekuwa mekundu. Mtu huyo alijaribu kusema jambo na ulimi haukumtii.

"Aneth! Aneth, we!"

Aneth alisimama, akapiga hatua kuelekea mlangoni, akaanguka kwa magoti. Pumzi yake ilipiga filimbi. Elizabeti alipiga yowe ambalo hakujua kama ni lake.

Watu walikuja. Editha alifika wa kwanza na nyuma yake mumewe, Zefania, mwenye pikipiki pekee ya kitongoji kile. Mmoja akasema nyuki, mwingine akasema nyuki, wa tatu akaanza kutafuta moshi wa kuwafukuza. Zefania hakubishana. Alisukuma pikipiki mpaka uani na kusema apandishwe, huyu si wa kungojea.

"Mpigieni Filipo," alisema mtu.

"Kambini simu haishiki, mnajua," alijibu Zefania. "Mama Filipo, panda nyuma umshikilie. Mshike hasa. Akilegea mtaanguka wote."

Elizabeti alikuwa ameshainua mguu wakati Editha aliposema, bila ukali, kama mtu anayejikumbusha mwenyewe:

"Hivi, mama Filipo, jana ulikuwa unakoroga nini kule nyuma?"

Elizabeti alimaliza kupanda bila kumgeukia. Pumzi ya Aneth peke yake ndiyo iliyosikika.

"Asali," alisema Elizabeti. "Si ulisema mwenyewe ni asali?"

*

Njia ya kwenda zahanati ilikuwa mchanga, na Zefania aliendesha kwa kupigana nao. Elizabeti alimkumbatia Aneth kwa nyuma, kidevu begani kwake, na kila pumzi ya yule binti aliihisi kifuani pake. Iliingia kwa shida. Ilitoka kwa shida zaidi. Kati ya moja na nyingine palikuwa na nafasi, na katika nafasi hiyo Elizabeti alisali.

Akiwa anasali alimkumbuka daktari wa jino. Si daktari mwenyewe hasa, bali swali lake. Kabla ya kumpa vile vidonge alimuuliza: "Mama, huna aleji na penisilini?" Naye akajibu, hapana, mwanangu, bila kufikiri, kama mtu anavyojibu akiulizwa kama hajambo. Kwa nini aliulizwa hivyo? Mtu anauliza habari ya penisilini kwa sababu anakaribia kutoa penisilini.

 Elizabeti alijaribu kulikataa wazo hilo. Kidonge ni kidonge na sindano ni sindano, alijiambia, lakini wazo halikukubali kuondoka. Lilikuwa limekaa naye juu ya pikipiki, mtu wa nne.

Na nyuma ya hofu hiyo ikaja nyingine, ambayo aliionea aibu hata alipokuwa akiihisi. Mwanamke mzee, mjane, amemtilia mke wa mwanawe unga kwenye kidonda, kwa siri, nyuma ya jiko, na yule mke amekufa. Nani atakaa kusikiliza habari za jino? Kijiji cha jirani bibi mmoja alihamishwa pamoja na wajukuu zake, akiitwa mchawi kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni kama ya Elizabeti yalivyoharibiwa. Waliotia moto nyumba yake hawakungoja hata aondoe vyombo. Watu waliokwenda kutazama walirudi wakisema, hata hivyo, si alikuwa na lake?

Hakumtakia Aneth kifo. Hilo Mungu analijua. Lakini ukweli ni kwamba, kwa mwendo mrefu wa njia ile, alijiogopea nafsi yake sawasawa na alivyomwogopea mwenzake.

*

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha matibabu, na dirisha lake lilitazama barazani, mahali walipokaa wanawake wenye watoto wakisubiri zamu. Kilichosemwa ndani kilisikika nje. Kila mtu alilijua hilo, na wagonjwa wenye magonjwa ya aibu walinong'ona.

Daktari Stumai alikuwa peke yake siku hiyo. Alikuwa msichana bado, wa umri wa Aneth, ushungi wake umefungwa nyuma ya shingo ili usimsumbue kazini. Alimwona Aneth akibebwa na Zefania, akaacha mtoto aliyekuwa akimpima, akasema kwa sauti: "Kitandani! Mwinueni miguu. Shikamoo, mama. Imeanza lini?"

"Sasa hivi. Asubuhi hii. Ni nyuki, daktari."

"Wamemuuma wapi?"

"Mwilini."

Stumai alipitisha vidole shingoni, mikononi, mgongoni. "Sioni mwiba hata mmoja. Amekula nini? Amekunywa dawa yoyote?"

"Hajanywa dawa."

Hilo lilikuwa kweli. Elizabeti alishangaa jinsi ukweli ulivyoweza kutumika.

"Huu mguu umefungwa nini?"

"Asali."

"Asali tu?"

Dirishani alisimama Zefania, akijifuta jasho. Nyuma yake, vichwa.

"Asali tu," alisema Elizabeti.

"Ana aleji na dawa yoyote? Amewahi kudhurika na sindano?"

Hapa ndipo angeweza kusema. Swali lilikuwa wazi, aliyeuliza alimtazama usoni. Lakini uongo wa kwanza ulikuwa umeshafunga mlango, na Elizabeti aliona kwamba akisema neno moja la PPF, itamlazimu kuyasema na mengine yote.

"Mimi... simjui hivyo," alisema. "Ameolewa juzijuzi."

Stumai hakuwa na muda wa kumshangaa. Alivunja kichupa kidogo, akavuta dawa, akamchoma Aneth pajani. "Hii ni adrenalini," alisema, kana kwamba anajisemea. "Haya, dada. Vuta pumzi. Nitazame mimi. Vuta."

Chumba kizima kilivuta pumzi pamoja na Aneth. Mwanzoni haikuonekana tofauti. Kisha ile filimbi ikashuka, kifua kikapanda juu zaidi, rangi ya midomo ikarudi kidogo. Elizabeti alishika ukingo wa kitanda na kulia bila sauti. Alidhani yameisha. Alidhani Mungu amemstahi, amemponyesha mgonjwa na kumfichia na aibu.

Stumai aligusa mguu juu ya kitambaa. Ulikuwa wa moto, wekundu umevuka goti.

"Huu nao tusiuache. Umeingia wadudu vibaya. Namwanzishia dawa ya sindano sasa hivi, akitulia atapelekwa hospitali, Itigi."

Alichukua kichupa kingine. Ndani kilikuwa na unga mweupe. Akaingiza maji, akakitikisa kati ya vidole, unga ukayeyuka ukawa kama maji ya mchele. Elizabeti alikitazama kichupa kile kama mtu anavyomtazama nyoka aliyemwona jana.

Kitandani, Aneth alikuwa amefumbua macho kiasi cha uzi. Aliona bomba la sindano. Aliona kichupa. Akaanza kutikisa kichwa.

"Usiogope, dada," alisema Stumai. "Ni sindano moja tu."

Aneth aliendelea kutikisa. Ulimi ulikuwa mzito bado, kilichotoka kilikuwa sauti ya kukoroma. Akaacha kumtazama daktari. Akageuza macho, akamtafuta mkwewe, akamwona. Hakuwa anamshutumu. Hakujua habari ya unga. Alijua tu kwamba katika chumba kile kuna mtu mmoja mwingine aliyesikia, siku ile ya mchicha, na alimngoja mtu huyo aseme.

"Ni dawa gani hiyo?" aliuliza Elizabeti. 

"Penisilini, mama."

"Usimchome."

Mkono wa Stumai ulisimama hewani.

"Aliwahi kuchomwa PPF, akiwa mtoto. Kwao Misigiri. Ilitaka kumuua. Walisema asipewe tena."

"Mama, nimekuuliza! Nimekuuliza hapa hapa, ukasema humjui hivyo!"

"Nilisahau."

Stumai aliweka bomba mezani.  "Ningemuua," alisema. "Unajua? Kwa mkono wangu. Mungu wangu."

Nje barazani wanawake walinong'ona. Mtu akasema, kasahau! Elizabeti aliinamisha uso. Alikuwa ameshatoa nusu, na nusu hiyo ilikuwa imemgharimu kidogo tu, mzee kusahau si ajabu. Angeweza kukaa na nusu hiyo. Alitaka sana kukaa nayo. Watu wengi tungekaa nayo.

Kisha filimbi ikarudi.

Ilirudi polepole, kwa mbali, mpaka wote wakaisikia. Shingo ya Aneth ilijikaza, mbavu zikaanza kuvutwa ndani. Mabaka yaliyokuwa yamefifia yakatokeza upya, kuanzia mguu wenye kidonda kupanda juu.

"Haiwezekani," alisema Stumai. "Dawa imeshika, mbona anarudi kule kule?" Alimwinamia Aneth, akasikiliza kifua, akainuka na kumgeukia Elizabeti. Safari hii hakupaza sauti, na hiyo ilitisha zaidi. "Mama. Kuna kitu bado kinamwingia. Nyuki hakuna, kula hajala. Adrenalini imebaki chupa moja. Nikimpa hiyo na kile kitu bado kipo mwilini, sitakuwa na nyingine. Mmempa nini?"

Elizabeti alitazama dirishani. Zefania alikuwa amesogea mpaka pua yake inagusa wavu. Nyuma yake baraza zima lilikuwa limesimama, hata watoto. Mke wa Zefania ndiye aliyeuliza asubuhi, na sasa Zefania mwenyewe angesikia jibu.

Akasema. Hakunong'ona, kwa sababu sauti yake haikuwa chini ya amri yake tena.

"Ni unga. Niliutia unga kwenye asali. Kwenye kidonda, hicho hapo kilichofungwa."

"Unga gani?"

"Wa vidonge. Vya rangi mbili. Nilipewa mimi, vya jino, vikabaki. Nikavifungua. Jana, na leo nikaongeza. Yeye hajui. Sikumwambia."

Nje mwanamke mmoja alisema "Yesu!" na mwingine akamvuta mtoto wake karibu.

Stumai alikuwa ameshachukua mkasi. Alikata kitambaa kwa mikato mirefu, akakitupa kwenye ndoo, asali ikavutika nacho kama kamasi nyeupe. "Maji! Zefania, lete maji, ndoo nzima, yote!" Alimwagia kidonda, akafuta, akamwagia tena, Elizabeti akamshikia mguu, Aneth akalia kwa maumivu, na kilio kile kilikuwa kizuri kwa sababu kilihitaji pumzi. Stumai alivunja chupa ya mwisho. Akachoma paja la pili.

"Ni jamii moja, mama," alisema huku akibana kitambaa cha pamba mahali pa sindano, maneno yakimtoka kwa kasi, nusu hasira nusu kilio. "Vidonge vile na sindano ile, vyote penisilini. Anayedhuriwa na kimoja anadhuriwa na vyote, uweke mdomoni, uweke mshipani, uweke kwenye kidonda. Na vya kwako ulitakiwa umalize wewe, mwenyewe. Havikuwa vya kubaki."

"Sikujua."

"Hilo naliamini. Lakini nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

Elizabeti alivuta kiti.  Waliketi pande mbili za kitanda, mmoja ameshika mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, wakisikiliza. Kifua kilipanda. Kilishuka. Kilikawia, na wote wawili wakainuka kidogo vitini. Kikapanda tena.

*

Aneth hakufa. Gari la wagonjwa la Itigi lilikuwa limeharibika njiani, kwa hiyo alilala pale pale zahanati, mguu umeanzishiwa dawa nyingine isiyo ya jamii ile, na Stumai akimwamsha mara kwa mara kusikiliza kifua. Elizabeti hakurudi nyumbani. Zefania aliondoka bila kumuaga. Elizabeti alipotoka nje barazani kutafuta maji ya kunywa, benchi lilikuwa limejaa, akakaa pembeni kabisa, na baada ya muda mfupi akagundua kwamba benchi limebaki na yeye. Wengine walikuwa wamesimama juani. Mama mmoja kijana aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe alijifunika kanga mpaka kichwani, yeye na mtoto, mpaka Elizabeti alipoinuka na kurudi ndani.

Hakuwakasirikia. Yeye mwenyewe, barazani kwa watu wengine, angejifunika.

Filipo alifika siku ya pili mchana, ananuka moshi wa porini, viatu vimejaa vumbi. Habari ilimpokea njiani kabla hajauona mji. Haikumpokea kama ilivyotokea. Aliambiwa mama yako amemtilia mkeo unga, amekiri mwenyewe mbele ya watu, Zefania alikuwepo.

Elizabeti alimwona kutoka mlangoni. Aliinuka, kanga yake akaiweka sawa, akangoja. Mwanawe alimpita. Alimpita karibu kiasi kwamba mkono wa shati lake ulimgusa, akaingia ndani, hakusema shikamoo. Tangu alipojifunza kuongea hakuwahi kumkuta mama yake popote pale, awe amechoka, awe amelewa, awe na hasira zake, asimwamkie. Watu wa barazani waliona. Mmoja alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Ndani, Filipo alikaa ukingoni mwa kitanda. Uso wa mkewe ulikuwa umevimba bado, hasa upande wa kulia, lakini macho yalikuwa yake.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikia nini?"

"Alichokufanyia."

"Alinipaka dawa isiyonifaa, na hakuniambia." Aneth alisema polepole, ulimi ukitafuta njia yake. "Kisha daktari alipouliza, akanyamaza. Nilikuwa namtazama, Filipo. Naenda, nakufa kabisa, na namtazama, naye amenyamaza." Alimeza mate kwa shida. "Halafu akasema. Yote. Dirisha liko wazi, Zefania amesimama hapo, na yeye anasema. Hilo walikuambia?"

Filipo alijipangusa vumbi la magotini.

"Mwite."

Hakukuwa na haja ya kumwita. Elizabeti alikuwa ameshasimama mlangoni, bakuli la uji mkononi, hathubutu kuvuka kizingiti. Barazani, nyuma ya mgongo wake, watu walisogea dirishani bila kuona haya.

Aneth alijiinua kwa viwiko. Ilimchukua muda. Filipo alitaka kumsaidia, akamkatalia.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa sauti ya kutosha kufika nje.

Midomo ya Elizabeti ilicheza. "Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu." Uji ulimwagika kidogo miguuni mwake.

Aneth alimgeukia mumewe, akamtazama, akaendelea kumtazama. Filipo alivua kofia. Aliitazama sakafu, akaitazama kofia, akasema neno lile kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyekosea. Mama yake aliitikia.

"Weka uji hapa, mama," alisema Aneth. "Nitaunywa." Alingoja mpaka bakuli likawekwa na mkono wa Elizabeti ukaondoka mezani. Kisha akauvuta mguu wake wenye bendeji mpya, akaufunika kwa shuka. "Nimekuamkia kwa sababu ulisema. Lakini kidonda changu usikiguse tena."

"Sitakigusa," alisema Elizabeti.